Masisi: Mstari mmoja wa programu unaoamua jina lipi libaki kwenye listi

Mfanyabiashara wa Goma anayemtuma motari hadi Kirolirwe kuleta fromaji anaweza kumtuma kwa namna mbili. Anaweza kumwambia alete kumi. Motari atahesabu kumi na kurudi. Au anaweza kumwambia apite kwenye rafu zote, abonyeze kila fromaji. Ile iliyokauka vizuri na ambayo ganda lake halikupasuka aichukue, nyingine aiache. Safari hii motari hakubeba hesabu tu. Amebeba kanuni ya bosi wake, na kanuni hiyo ndiyo itakayoamua kila fromaji ibaki ama iondoke.

Wanaojifunza kuandika programu za kompyuta wanakutana na jambo hilohilo, na wengi wanakwama hapo. Katika vyuo vya Goma vinavyofundisha informatike, kama ISIG na ULPGL, mwanafunzi anazoea haraka kuikabidhi programu namba, jina ama tarehe. Lakini siku anapoambiwa aikabidhi programu kanuni nzima, kama vile angeikabidhi namba, kichwa kinazunguka. Somo hilo katika lugha ya C# linaitwa delege na lambda. Ukilitazama kutoka Masisi, linagusa watu wengi ambao hawajawahi kufungua kompyuta.

Listi inamfuata mtu

Kirolirwe, ambayo wengine wanaandika Kilolirwe, iko katika usultani wa Bashali, wilaya ya Masisi, kwenye barabara inayotoka Sake kuelekea Kitshanga. Ni nchi ya milima, malisho na ng'ombe. Jina lake lilisikika sana redioni miaka ya 2007 na 2008, wakati CNDP ya Laurent Nkunda ilikuwa na ngome upande huo. Mwaka 2023 vita vilirudi kwenye barabara hiyo. Tarehe 26 mwezi wa kwanza M23 walishika Kitshanga, na familia nyingi zikashuka Sake na Goma. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Goma yenyewe ilishikwa. Mwezi wa pili kambi zilizouzunguka mji zilianza kubomolewa, na wengi walishika tena njia ya vijijini.

Kila safari ya namna hiyo ina listi yake. Kuna listi ya waliofika, listi ya wanaopata jetoni, listi ya wanaorudi. Zamani ilikuwa daftari na kalamu. Leo, nyingi ya listi hizo zinaishia kwenye kompyuta. Shirika la Umoja wa Mataifa la chakula, PAM, lina mfumo wake wa kuandikisha watu unaoitwa SCOPE. Shirika la uhamaji, OIM, linafuata mienendo ya waliohama kupitia mfumo wa DTM. Na mashirika madogo yanajitengenezea programu zao, mara nyingi kwa mikono ya vijana waliosoma hapa hapa.

Jina likisha kuingia kwenye kompyuta, kinachofuata ni kuchujwa. Chakula hakitoshi wote, kwa hiyo kuna sharti: familia yenye watoto wengi, mama anayelea peke yake, mzee. Sharti hilo linageuzwa kuwa msimbo. Mara nyingi ni mstari mmoja tu. Ili kuelewa mstari huo unavyofanya kazi, tuchukue familia sita za mfano. Si familia za kweli, na msimbo unaofuata si wa shirika lolote.

Familia A: watoto 7, baba na mama wako.
Familia B: watoto 2, mama peke yake.
Familia C: watoto 5, baba na mama wako.
Familia D: mzee wa miaka 74, hana mtoto nyumbani.
Familia E: watoto 6, mama peke yake.
Familia F: watoto 4, baba na mama wako.

Kazi moja, kanuni nyingi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataandika kipande cha programu kinachopita kwenye listi na kuchukua familia zenye watoto 5 ama zaidi. Kipande kama hicho, chenye jina na kazi yake, kinaitwa metodi. Kitafanya kazi. Kesho shirika lingine litakuja na sharti la mama anayelea peke yake. Mwanafunzi atanakili metodi ile ile, abadilishe mstari mmoja. Kesho kutwa sharti la tatu, nakala ya tatu.

Shida inaonekana mwezi unaofuata. Mtu anagundua kwamba metodi inahesabu mara mbili familia iliyoandikwa mara mbili. Anairekebisha kwenye nakala ya kwanza, anasahau ya pili na ya tatu. Sasa listi tatu za kambi moja hazikubaliani, na anayelaumiwa ni kiongozi wa bloku aliyepeleka majina.

Dawa ni kutenganisha mambo mawili yaliyochanganywa. Kupita kwenye listi na kukusanya majina ni kazi moja, haibadiliki. Kuamua nani anafaa ni jambo lingine, linabadilika kila mara. Basi metodi ibaki moja, na kanuni ya kuamua iletwe kutoka nje, kama bosi wa Goma anavyomkabidhi motari kanuni yake. Kitu ambacho metodi inakabidhiwa kinaitwa parametri. Hapa parametri si namba wala jina, ni kanuni.

Katika C# inaandikwa hivi:

delegate bool Kanuni(Familia f);

static List<Familia> Chagua(List<Familia> listi, Kanuni kanuni)
{
    var waliochaguliwa = new List<Familia>();
    foreach (var f in listi)
    {
        if (kanuni(f)) waliochaguliwa.Add(f);
    }
    return waliochaguliwa;
}

Mstari wa kwanza ndio delege. Vitabu vya Kifaransa wanavyotumia wanafunzi wetu vinatumia neno ambalo kila Mkongomani analijua: delege ni mtu aliyetumwa kwa niaba ya wengine, awe wa wafanyakazi ama wa wanafunzi. Katika programu, mstari huo haujamtuma mtu yeyote bado. Unasema tu ni mtu wa namna gani anayeweza kutumwa: yeyote anayepokea familia moja na kujibu ndiyo ama hapana. Neno bool ndilo hilo jibu la ndiyo ama hapana.

Metodi Chagua inapita kwa kila familia, inamuuliza delege, na akijibu ndiyo inaandika familia hiyo. Chagua haijui kama sharti ni watoto, umri ama ujane. Haina haja ya kujua. Ukirekebisha kosa lake la kuhesabu mara mbili, umelirekebisha kwa masharti yote kwa siku moja.

Sasa tunaandika kanuni yenye jina na kuituma:

static bool WatotoWengi(Familia f)
{
    return f.Watoto >= 5;
}

var walio = Chagua(listi, WatotoWengi);

Jibu ni A, C na E.

Tazama vizuri mstari wa mwisho, maana ndipo wengi wanapoanguka. Baada ya WatotoWengi hakuna mabano. Ukiweka mabano, unaiambia kompyuta: fanya kazi hiyo sasa hivi, uniletee jibu. Usipoweka, unasema: huyu hapa mjumbe, utamuuliza mwenyewe wakati ukifika. Ni tofauti kati ya kumpa mtu fromaji iliyochaguliwa na kumpa mtu ujuzi wa kuchagua. C# itakataa kosa hilo kabla programu haijaanza. Lugha nyingine, kama JavaScript, zitaliacha lipite, na utatafuta usiku mzima kwa nini listi haitoki.

Mjumbe asiye na jina

Kanuni fupi kama hiyo, inayotumiwa mara moja tu, inachosha kuiandikia metodi nzima yenye jina. Ndiyo maana kuna lambda. Ni kanuni ileile, imeandikwa mahali pale pale inapohitajika, bila jina:

Chagua(listi, f => f.Watoto >= 5);

Mshale unasomwa "inatoa". Kushoto ni kinachoingia, yaani familia f. Kulia ni jibu linalotoka. Kwa Kiswahili cha kawaida: nikipewa familia, ninajibu kama watoto wake ni 5 ama zaidi. Kompyuta inaangalia umbo la delege, inaona kwamba lambda hii inapokea familia na kujibu ndiyo ama hapana, inaikubali.

Neno lambda ni herufi ya Kigiriki. Lilitoka kwa Alonzo Church, mwanahesabu wa Princeton, Marekani, ambaye katika miaka ya 1930 alitengeneza namna ya kuandika hesabu yote kwa kanuni zinazopokea kanuni nyingine. Wakati huo kompyuta kama tunazozijua hazikuwepo. Mwaka 1958 John McCarthy alianza kutengeneza lugha ya Lisp, na wazo hilo likaingia kwenye mashine. C# yenyewe, ambayo kiongozi wa waliyoiunda ni Anders Hejlsberg wa Denmark, ilitoka mwaka 2002 ikiwa na delege. Kanuni zisizo na jina zilikuja katika toleo la mwaka 2005, na lambda yenye mshale mwaka 2007. Java, ambayo inafundishwa sana kwetu, ilingoja hadi 2014.

Siku hizi anayeandika C# hahitaji hata kutangaza delege yake. Lugha inakuja na delege zilizo tayari: Func kwa kanuni inayotoa jibu, Action kwa ile inayofanya kazi bila kutoa jibu, Predicate kwa ile ya ndiyo ama hapana. Na metodi yetu ya Chagua ipo tayari pia, inaitwa Where. Mtu anaandika listi.Where(f => f.Watoto >= 5), na kazi imekwisha.

Wazo hili halitumiki kwa listi tu. Mfanyabiashara anapoweka malipo ya M-Pesa ama Airtel Money kwenye programu yake, programu haiwezi kukaa inangoja mteja abonyeze namba yake ya siri. Inaacha maagizo: feza ikifika, fanya hivi, isipofika, fanya vile. Maagizo hayo ni kanuni iliyokabidhiwa kama parametri, ikingoja wakati wake.

Alama mbili, familia tatu

Turudi kwa familia sita. Tuseme shirika linataka familia zenye watoto 5 ama zaidi, na pia akina mama wanaolea peke yao. Kwa mdomo, sentensi hiyo haina shida. Kwenye msimbo, kuna njia mbili za kuiandika:

f => f.Watoto >= 5 || f.MamaPekeYake

f => f.Watoto >= 5 && f.MamaPekeYake

Mistari miwili ya wima, ||, maana yake "ama": sharti moja likitimia inatosha. Alama && maana yake "pamoja na": lazima yote mawili yatimie. Mstari wa kwanza unatoa A, B, C na E. Wa pili unatoa E peke yake. Familia tatu zimetoka kwenye listi kwa sababu ya alama mbili, na hakuna kilichovunjika. Programu haikulia, haikuandika kosa lolote. Imefanya kwa uaminifu kile ilichoambiwa. Na neno "na" katika Kiswahili chetu linabeba maana zote mbili, kwa hiyo kijana aliyeandika && hawezi kusemwa kwamba hakusikia vizuri.

Mimi mwenyewe, nilipojaribu mfano huu nyumbani kwa ajili ya makala hii, nilianguka kwenye mtego mwingine, mbaya zaidi. Sikutaka kuandika 5 ndani ya kanuni. Niliweka namba hiyo kwenye kigeu, yaani sanduku lenye jina ambalo linaweza kubadilishiwa kilichomo:

int kiwango = 5;
Kanuni kanuni = f => f.Watoto >= kiwango;
kiwango = 7;
var walio = Chagua(listi, kanuni);

Nilidhani kanuni imeshaandikwa na 5, basi itabaki na 5. Hapana. Lambda haikunakili namba, ilishika sanduku lenyewe. Wakati Chagua inaanza kuuliza, ndani ya sanduku mlikuwa 7. Listi ikatoa familia A tu. C yenye watoto 5 na E yenye watoto 6, na mama peke yake, zikatoka. Mstari wa kanuni ulikuwa mbele ya macho yangu, haukuguswa.

Metodi Where nayo ina tabia ya kuchelewa. Haichuji siku unapoiandika, inachuja wakati listi inaposomwa. Ukichanganya tabia hiyo na sanduku linalobadilika, unaweza kuwa na sharti lililotangazwa asubuhi kwenye bloku na listi inayotoka jioni kwa sharti lingine, na kila mtu akaapa kwamba hakubadilisha kitu.

Kwa fromaji za Kirolirwe kosa la namna hiyo linagharimu biashara ya siku moja. Kwa listi ya chakula, linagharimu mwezi mzima wa nyumba fulani.

Kanuni yenye jina inaweza kuulizwa

Kutokana na hayo, kijana anayeandika programu ya kuchuja watu anaweza kujiwekea desturi chache. Lambda ni nzuri kwa kazi ndogo: kupanga majina kwa alfabeti, kuchuja bei, kutoa jumla. Lakini kanuni inayoamua nani ale inafaa ipewe jina, iandikwe peke yake, mahali pamoja, namba zake zikiwa ndani yake. WatotoWengi unaweza kuitafuta, kuisoma, kuijaribu, kuijadili. Lambda iliyofichwa katikati ya mstari mrefu haina jina la kuitwa nalo.

Na kabla ya kuipeleka kwenye listi ya maelfu, ijaribiwe kwa familia chache ambazo jibu lao linajulikana tayari, kama hizi sita zetu. Kazi hiyo haihitaji kompyuta kubwa. Inaweza kufanywa kwa karatasi na kalamu pale ambapo hakuna umeme: unaandika familia, unaandika kanuni, unapita kwa kila mmoja ukijibu ndiyo ama hapana, kisha unalinganisha na kile mashine ilichotoa. C# na vifaa vyake vinapatikana bure, na tangu 2016 vinafanya kazi hata kwenye Linux, kwa hiyo mwenye laptop ya zamani anaweza kuanza.

Mkaaji ambaye hataandika programu hata siku moja naye ana la kufanya. Mtu akija na listi, ni haki ya wakaaji kuuliza sharti ni lipi na kuomba lisomwe kwa sauti, pamoja na "ama" na "pamoja na" zake. Sharti linaloweza kusomwa mbele ya watu linaweza kusahihishwa na watu. Kiongozi wa kijiji anayeshika sharti hilo kwenye karatasi anaweza mwenyewe kupita nyumba kwa nyumba na kujua kabla listi haijatoka ni nani anapaswa kuwemo.

Msomaji makini ameshaona kwamba kuna familia ambayo haikutokea hata mara moja. Ni D, mzee wa miaka 74. Katika kanuni zote tulizoandika hapa, alipoulizwa, jibu lilikuwa hapana. Hakuna aliyemkataa. Hakuna tu aliyeandika sharti linalomhusu. Kumwingiza ni kuongeza maneno machache:

f => f.Watoto >= 5 || f.MamaPekeYake || f.Umri >= 60

Sasa wanatoka A, B, C, D na E. Anabaki F, mwenye watoto wanne, baba na mama wako. Bado familia hiyo haimo, na anayeandika kanuni anapaswa kujua hivyo kabla hajabonyeza, ili awe tayari kueleza kwa nini siku mama wa nyumba hiyo atakapokuja kuuliza.